Dinari za Antony nazo mziangalie

Mhariri,

Makala yenu ya juzi kuhusu sarafu za fedha za Kirumi nimeisoma mara mbili, na asanteni sana kwa kuigusa hii mada maana magazetini haionekani kabisa, ila nina neno. Ukurasa mzima umeishia kwenye bei ya ile dinari (sarafu ya fedha ya Kirumi) ya Brutus, mmoja wa waliomuua Julius Caesar, ya mwaka 42 KK, yenye majambia mawili na kofia ya mtumwa aliyeachwa huru, ya kujivunia mauaji ya Caesar. Sawa, ni adimu kweli na kila mkusanyaji anaiota. Lakini anayetaka kumjua askari wa Kirumi aanze na dinari za legioni (vikosi vikubwa vya jeshi la Kirumi) za jemadari Mark Antony, na hizo hamkuzitaja hata kwa mstari mmoja.

Antony alizipiga kati ya mwaka 32 na 31 KK, wakati yeye na Cleopatra, malkia wa Misri, wako Ugiriki wanajiandaa kupambana na Octavian, mpinzani wake wa kugombea utawala wa Roma, na jeshi kubwa namna ile linataka mshahara. Upande mmoja kuna merikebu ya vita na makasia yake, upande wa pili tai wa legioni amesimama katikati ya nembo mbili za vikosi, na chini pameandikwa LEG, yaani legioni, na namba ya Kirumi, kuanzia II mpaka XXIII. Yaani kikosi kinatajwa kwenye pesa yenyewe! Mimi nikishika moja huwa nashindwa kuiweka chini.

Sasa utamu uko hapa. Fedha ya dinari hizi ilikuwa imechanganywa na shaba nyingi kidogo kuliko dinari za kawaida, kwa hiyo watu wakawa wanaficha zile nzuri na kutumia hizi, ndo maana nyingi tunazipata zimesagika mpaka tai anaonekana kivuli tu. Antony alishindwa kwenye vita vya majini kule Actium, Ugiriki, tarehe 2 Septemba mwaka 31 KK, mwaka uliofuata akajiua, mshindi akatawala miaka mingi akafa, wakaja makaisari wengine wengi, na pesa ya aliyeshindwa bado iko sokoni inanunua mkate. Karibu miaka 200 baadaye kaisari Marcus Aurelius na mwenzake waliyetawala pamoja, Lucius Verus, wakaitoa tena dinari ya muundo uleule, ya LEG VI.

Kwa wanaoanza, namba isomeni kwa makini sana, maana ukingo ukilika VII au VIII inageuka VI na muuzaji hatakwambia. Na ukiona vialama vidogo vya kugongwa usidhani imeharibika, mara nyingi ni watu wa zamani walikuwa wanapima kama ndani ni shaba iliyopakwa fedha, kwa sababu feki zilikuwepo tangu enzi hizohizo.

Kubwa lililonifanya niandike ni pale mwandishi aliposhauri wasomaji wazisugue zing'ae. Jamani hapana! Ule weusi wa juu ya sarafu umejengeka taratibu kwa miaka na miaka, na ukisugua unaondoka na herufi zilizobaki, ukishatoka haurudi tena, na mkusanyaji anayejua hataitaka. Naomba mlisahihishe hilo mapema kabla mtu hajachukua majivu akaanza kazi.

Na mkirudi kwenye mada hii tuwekeeni picha ya pande zote mbili, juzi tulionyeshwa kichwa cha Brutus tu, majambia hatukuyaona.

Msomaji wenu, mkusanyaji wa sarafu