Pimeni matundu kwanza ndo muuze sproketi

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu na najua sio langu peke yangu, wote tunaoendesha baiskeli za resi za zamani, hizi zinazokuja na mitumba ya Ulaya na Japani, tunalia hapohapo. Watu wanauza sproketi ya mbele, ile kubwa inayozunguka na pedali, bila kupima chochote. Ukiuliza unaambiwa "inaingia zote". Hamna sproketi inayoingia zote, jamani.

Mimi baiskeli yangu ina kranki, ile mikono ya pedali inayobeba na sproketi ya mbele, ya Campagnolo, wale Waitaliano wa Vicenza, ya miaka ya 80 mwishoni. Sproketi yake ndogo ya meno 39 ilikuwa imeliwa mpaka meno yamechongoka kama ya papa, nikaagiza nyingine mtandaoni, picha nzuri, meno 39, matundu matano, muuzaji akaapa kabisa kwamba ni yenyewe. Ilipofika haikukaa. Ukiiweka juu ya kranki boliti moja inaingia, ya pili inagoma. Nikaipeleka kwa fundi, kijana mzuri tu sina ugomvi naye, akaniambia "Mzee hii kitu ndogo, tunachonga matundu kidogo inakaa." Akachukua tupa, akachonga yote matano mpaka yakawa marefu kama yai, akakaza boliti, nikalipa nikaondoka.

Sasa ukigeuza baiskeli juu chini ukazungusha pedali polepole unaona sproketi inapanda na kushuka, na kile kimkono cha nyuma kinachovuta cheni kinakwenda mbele kinarudi nyuma, kila mzunguko, kama mtu anaitikia kwa kichwa. Nilikiona kile na bado nikaendesha, hapo kosa ni langu. Jumamosi napanda kutoka Himo kwenda Marangu nimesimama kwenye pedali, sproketi ikateleza kwenye yale matundu, cheni ikaruka, goti likapiga stelingi na nikaenda nalo kwenye lami. Wiki tatu sikuendesha.

Tofauti ilikuwa milimita tatu. Nilikuja kupima baadaye kwa rula ya mtoto wa shule. Kwenye kranki yangu kutoka tundu mpaka tundu jirani yake ni milimita 79 na kidogo, kwenye ile sproketi niliyouziwa ni 76 na kidogo. Na hapo ndo pana siri yote ya hivi vitu, naomba wauzaji na mafundi wanisikilize. Ukichora duara linalopita katikati ya matundu yote matano, upana wa hilo duara ndo unaamua nini kinaingia wapi, meno hayaamui, jina la kampuni haliamui, rangi haiamui. Huwezi kulipima moja kwa moja kwa sababu matundu ni matano na hakuna tundu linalotazamana na lingine, kwa hiyo unapima matundu mawili jirani halafu unazidisha kwa 1.7. Na usihangaike kutafuta katikati ya tundu, pima kutoka ukingo wa kushoto wa tundu la kwanza mpaka ukingo wa kushoto wa la pili, inatoka sawasawa. Ukipata milimita 76.4 ni duara la milimita 130, hiyo ni ya Shimano, wale Wajapani, za resi za zamani. 79.4 ni 135, ya Campagnolo kuanzia katikati ya miaka ya 80. 84.6 ni 144. Ukipata 64.7 ni 110, na ukikuta 71.7 umepata Mfaransa, Stronglight ya zamani ya 122, hiyo usiiache.

Hiyo ya 144 naomba niikalie kidogo. Campagnolo walipotoa kranki ya Record mwaka 1958 duara lilikuwa 151, kubwa mno, sproketi haikuweza kushuka chini ya meno 44. Mwaka 1967 wakalipunguza likawa 144, na hapo unaweza kushuka mpaka 41, ingawa nyingi utakazokutana nazo ni 42. Wengine wakafuata, Sugino wa Japani wakatengeneza za 144 nzuri sana, ndo maana zipo nyingi kwenye mitumba. Ishike mkononi uione, uso wake umesafishwa, kuzunguka kila tundu wamechimba kidogo ili kichwa cha boliti kizame, na meno yote yana urefu mmoja. Za sasa hivi haziko hivyo, zina meno mengine mafupi na ubavuni zina mifereji na vijipini vya kunyanyua cheni wakati wa kubadilisha gia. Za zamani kazi hiyo anafanya mwendeshaji kwa mkono wake, unavuta kile kimkono cha gia kwenye fremu kidogo kidogo huku unasikiliza. Mtu akizoea anaipenda.

Shida inakuja kwenye milima. Watu wananiambia meno 42 mbele yanaua magoti, wanang'oa kranki nzima wanatupa wanaweka ya kisasa. Jamani, pigeni hesabu kwanza! 42 mbele na 28 nyuma ni 1.5, na 39 mbele na 26 nyuma ni 1.5 hiyohiyo, mguu hautajua tofauti. Badilisha friwili, lile rundo la sproketi ndogo za nyuma, ikiwa kile kimkono chako cha kuvuta cheni kinafika huko, kranki iache ilivyo. Cha kuangalia kwenye hizi kranki kuukuu za Campagnolo ni kitu kimoja, pale mkono wa pedali unapoungana na yale matawi matano yanayoshika sproketi, kwenye kona ya ndani, futa grisi umulike na tochi, hapo ndo zinapoanzaga kupasuka. Ukiona mstari mwembamba kama unywele usiiendeshe tena, na tafadhali usimuuzie mwenzio.

Kuna jambo lingine la mafundi. Nilimkuta mmoja ameishikilia sproketi ya Shimano anaipimapima na nyundo, anasema imeharibika haiko duara. Haijaharibika! Hiyo ni Biopace, Shimano waliitoa mwaka 1983 na wameifanya umbo la yai makusudi. Unaweza usiipende lakini nyundo haihusiki. Na ukikuta sproketi imejaa vitundu vidogo vidogo usidhani mtu alikuwa anachezea drili, miaka ya 70 wakimbizaji walikuwa wanatoboa kila kitu kupunguza uzito, hata cheni ya Eddy Merckx, yule Mbelgiji, ilitobolewa alipoweka rekodi ya kwenda mbali zaidi kwa saa moja kule Mexico mwaka 1972, kilomita 49.431, akiwa na meno 52 mbele na 14 nyuma.

Wakubwa wenzangu watakumbuka Raleigh. Ya marehemu baba ilikuwa na vichwa vitatu vya korongo vimekatwa ndani ya sproketi, midomo mirefu, tulivyokuwa wadogo tulikuwa tunaviosha kwa mswaki kila Jumapili. Ile haikuwa na boliti, sproketi imegandamizwa kwenye kranki moja kwa moja na kranki imekazwa kwa kotapini, kile kipini cha chuma kinachogongwa, meno yakiisha unanunua kranki nzima. Nadhani ndo maana tumezoea kuona kranki na sproketi ni kitu kimoja cha kutupa pamoja. Hizi za resi zimetengenezwa ili ufungue boliti tano, utoe kilichoisha, uweke kingine, kranki idumu kuliko wewe.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo sana. Muuzaji, kabla hujapiga picha weka rula, andika kipimo cha tundu mpaka tundu kwenye tangazo pamoja na idadi ya meno. Fundi, tupa iache kwenye boksi, mwambie mteja ukweli kwamba haiingii. Na nyie wa chuma chakavu msivunje alminiamu ya kranki kabla hamjamuita mtu anayejua, wiki iliyopita hapa Moshi nimeikuta Sugino ya 144 kwenye mzani, imechanganywa na masufuria, sproketi zote mbili nzima kabisa, 52 na 42. Nimemuomba kijana aitoe pembeni na ameiweka juu ya kabati. Mimi yangu ni 135 hainifai, lakini mwenye kranki ya kufanana na hiyo aje na rula yake, apime 84.6, achukue.

Msomaji wako,
Moshi