Viza ya H-1B na biashara ya pembeni

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi vijana wetu wanaofanya kazi Marekani kwa viza ya H-1B, ile ya kazi za kitaalamu inayomruhusu mtu kumfanyia kazi mwajiri aliyemwombea tu, wasidanganywe kwamba kusajili kampuni ni sawa na kuruhusiwa kuiendesha. Wanaweza kumiliki hisa na kupokea gawio, lakini kuwaandikia wateja ankara usiku baada ya kazi, hata bila mshahara, kunaweza kuhesabiwa kuwa kazi isiyo na kibali, na inaniuma kuona jasho la miaka likipotea hivyo. Tangu Januari 2025 kanuni zinasema wazi kwamba kampuni ya mhusika mwenyewe inaweza kumwombea viza hiyo, ingawa kibali cha kwanza hakizidi miezi 18. Wamwone wakili wa uhamiaji kabla ya kumhudumia mteja yeyote.

Wako mtiifu,
Msomaji, Mombasa