Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: maumivu sugu yatengewe fungu la utafiti

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Kenya.

KUH: FEDHA ZA UTAFITI WA MAUMIVU SUGU PWANI

Mheshimiwa Waziri,

Sisi ni madaktari, maafisa wa kliniki, wauguzi na wanafamasia tunaohudumu Lamu, na ni wanachama wa chama cha kitaaluma kinachoshughulikia tiba ya maumivu. Tunakuandikia kuomba jambo moja: katika bajeti ya utafiti wa afya, maumivu sugu yatengewe fungu lake, na sehemu ya fungu hilo itumike huku kwetu.

Katikati ya mwaka 2004, wakati wa ukame, watu wa Lamu walikuwa wakihifadhi maji majumbani katika mitungi, mapipa na mabirika, na mbu wakapata pa kuzalia. Homa ya chikungunya ikaenea mji mzima. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba takriban watu 3 kati ya kila 4 walikuwa wameambukizwa. Kutoka pwani yetu ugonjwa ulifika Komoro, na katika miaka ya 2005 na 2006 ukakikumba kisiwa cha Réunion, kilicho chini ya Ufaransa. Huko watafiti waliwafuatilia wagonjwa mwaka baada ya mwaka, wakabaini kwamba wengi waliendelea kuumwa na viungo muda mrefu baada ya homa kwisha. Tunawashukuru kwa kazi hiyo, kwa maana inatufaa sana. Lakini inatuuma kwamba mzee wa mtaa wetu wa Langoni au Mkomani akituuliza kama vidole vyake vitapona, jibu letu linatokana na yale yaliyoonekana kwa wagonjwa wa Réunion, ilhali yeye aliugua kabla yao.

Miongoni mwa wanaokuja kwetu yupo fundi wa majahazi wa Matondoni. Kazi ya kutia kalafati humtaka mtu ashindilie pamba baina ya mbao kwa patasi na nyundo, kutwa nzima, mara nyingi akiwa amechutama chini ya tumbo la chombo. Asubuhi vidole vya fundi huyu havikunjiki mpaka jua lipande, na nyundo ameshamwachia kijana wake. Kadi yake ya hospitali imejaa jina la dawa moja, diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu inayoweza kudhuru tumbo na figo ikitumiwa kwa muda mrefu, iliyoandikwa kwa miandiko tofauti, na kadi isipokuwepo huinunua mwenyewe dukani. Sasa ana vidonda vya tumbo, na figo zake zinatutia wasiwasi. Je, maumivu yake yalianza na homa ya 2004, au ni kazi yenyewe, au ni vyote viwili? Hakuna kipimo kitakachotujibu leo, kwa sababu hakuna aliyemfuatilia tangu hapo. Katika daftari la wagonjwa wa nje tunaandika kwamba anaumwa na viungo, kisha tunamwita anayefuata.

Hata kuyapima maumivu ni kazi ambayo haijakamilika. Tumefundishwa kumtaka mgonjwa ayape maumivu yake namba kutoka 0 hadi 10. Vijana waliosoma hujibu upesi. Bibi wa Kizingitini aliyesafiri kwa boti tangu alfajiri, bahari ya kusi ikiwa imechafuka, husema tu kwamba anamshukuru Mungu, na muuguzi asiye mwangalifu huandika namba ndogo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Maumivu, lililoanzishwa mwaka 1973, liliporekebisha ufafanuzi wake wa maumivu mwaka 2020 lilisisitiza kwamba maelezo ya mgonjwa kuhusu maumivu yake yaheshimiwe, na kwamba mtu asiyeweza kujieleza anaweza kuwa anaumwa vilevile. Ili kuyatimiza hayo Lamu tunahitaji vipimo vilivyojaribiwa kwa watu wa Lamu, na majaribio hayo yanahitaji fedha na muda.

Lipo na suala la watoto wenye siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi ulioenea Pwani. Maumivu yake huja ghafla, usiku aghalabu, na mzazi aliye Ndau au Kiwayu hana gari la wagonjwa la kuita. Anatafuta boti na mafuta ya boti. Ni dawa gani salama aachiwe nyumbani? Hapo tunagusana na hofu kubwa ya mofini, dawa kali ya maumivu iliyo ya jamii moja na heroini. Hofu hiyo ina sababu, kwani Lamu na Malindi zimezika vijana wengi walioangamizwa na heroini. Lakini tumeona pia familia ya mgonjwa wa saratani ikirudisha chupa ya mofini ya maji bila kuifungua, wakiogopa jirani watasema nini, na mgonjwa akabaki akiumwa. Namna ya kuitoa na kuihifadhi dawa hii visiwani, imfikie anayeihitaji wala isipotee njiani, ni swali linalohitaji utafiti. Kwa maoni yetu ndilo la haraka kuliko yote.

Tunajua utaambiwa kwamba malaria na kifua kikuu vinaua, na maumivu hayaui. Hatuombi shilingi itolewe huko. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya ilianzishwa mwaka 1979, na tangu mwaka 1989 kituo chake cha Kilifi kimefanya kazi iliyobadilisha tiba ya watoto duniani. Watoto wa Kilifi walishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021. Wataalamu wapo, maabara zipo, na watu wa Pwani wamezoea kushirikishwa katika utafiti. Maumivu sugu nayo yana nafasi yake katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, ambamo yanaelezwa kuwa ni yale yanayodumu au kurudi kwa zaidi ya miezi 3. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende katika utafiti kila mwaka. Sehemu ndogo mno ya kiasi hicho ingetosha kuwatafuta waliougua 2004, kuwapima upya na kuwafuatilia kwa miaka 5, pamoja na kuwasajili watoto wa siko seli wa visiwani.

Tunaomba fungu hilo liwe la miaka kadhaa mfululizo. Utafiti wa mwaka mmoja hautafaa kitu kwa ugonjwa unaopimwa kwa miaka, nao wagonjwa wetu wamechoka kuhojiwa na watu wasiorudi.

Makadirio ya bajeti huwasilishwa Bungeni kabla ya Aprili kwisha. Tunaomba tukutane nawe au na maafisa wako kabla ya hapo, Lamu au Nairobi, popote utakapoona panafaa. Tutakuja na takwimu za kliniki zetu, bila majina ya wagonjwa, na rasimu ya mpango wa kazi pamoja na gharama zake.

Wako waaminifu,

Wanachama wanaohudumu Kaunti ya Lamu