Miti isipogolewe katikati ya kaskazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme neno kuhusu ndege na wanyama tunaoishi nao hapa Tanga mjini, ambao joto la kaskazi huwatesa kuliko linavyotutesa sisi, kwa kuwa hawana feni wala mtungi.

Februari iliyopita walipita mtaani kwetu Chumbageni vijana wenye mapanga na misumeno, wakaipogoa mikungu yote ya kando ya barabara hadi ikabaki vigutu. Aliyewatuma simtaji, wala sikatai kwamba matawi yaliyogusa nyaya yalistahili kukatwa. Ninachohoji ni majira. Februari vuli imekwisha kusahaulika, masika bado hayajaanza, joto la mchana hufika nyuzi 32 na zaidi, na ndio mwezi tuliochagua kuondoa kivuli chote kwa siku moja. Adhuhuri ya siku ya pili nilimkuta tetere juu ya ukuta wa uani, mdomo wazi, mabawa ameyaachia, koo likipwita. Ndege hatoki jasho. Hupoza mwili kwa kutweta, na kila anapotweta hupoteza maji ambayo lazima ayarudishe.

Nilichukua bungu la udongo, nikatia maji yasiyozidi kina cha kidole, nikaweka jiwe katikati, na kulipandisha kwenye kichanja chini ya mwarobaini, mahali paka asipofika. Tetere alidumbukiza mdomo akanyonya mfululizo bila kuinua kichwa, tofauti na kuku wetu ambao kila funda huangalia mbinguni. Baada ya siku tatu walikuja shorewanda, kisha nyuki, wakisimama juu ya lile jiwe. Maji hayo huyapeleka mzingani na kuyapepea kwa mabawa ili masega yasilegee kwa joto. Jiwe si pambo, maana bila hilo nyuki na mijusi huzama. Sufuria iliyowekwa juani haifai, kwani maji yake hupata moto wa kuoshea vyombo.

Jirani yangu aliniuliza kuhusu mbu, na swali lake ni la haki katika mji ulioguswa na homa ya dengue mwaka 2019. Yai la mbu huhitaji takriban wiki moja kufikia kuruka, kwa hiyo mwenye kumwaga maji kila asubuhi na kusugua kuta za chombo, ambako mayai hunata, hafugi mbu. Kunguru weusi nao watakuja, na hao sina dawa yao; ni wageni walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na tangu hapo hawajaaga. Mtoto akiokota ndege aliyezidiwa na joto, asimmiminie maji mdomoni, kwa sababu tundu la pumzi liko nyuma tu ya ulimi na maji huingia mapafuni. Amweke kivulini ndani ya boksi lililotobolewa, amwache atulie.

Hata hivyo, bungu langu halimfai popo, wala komba, yule ambaye wagema wanamjua kwa mapenzi yake ya tembo la mnazi. Hawa hulala mchana kutwa mtini, na mti ukishavuliwa majani hawana pengine pa kujificha jua. Ndiyo maana naomba wahusika wahamishie kazi ya kupogoa mwezi Juni au Julai, masika yakiwa yamepita na hewa imepoa, isipokuwa tawi lililo hatari. Na hata wakati huo mti mmoja upogolewe mwaka huu, wa jirani yake mwakani. Tangazo libandikwe mapema katika ofisi ya mtaa ili wakazi tupate kusema. Kaskazi ijayo inaanza Desemba, na mikungu yetu ndiyo kwanza inachipua.

Mkazi wa Chumbageni,
Tanga