Ukalie kamba

Wete, Pemba

Sahibu yangu Khamis,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia, na cha kwanza nilichokitafuta ni kama umeshamjibu binamu yako wa Maskati. Kumbe bado! Unaniuliza mimi kwanza kama wewe, mtu wa Mjini usiyewahi kupanda hata mkarafuu, utaweza kuteremka majabali ya Oman kwa kamba. Utaweza. Lakini nikwambie yalivyo, maana wao watakwambia mchezo tu.

Mwanzo ni mwendo wa miguu. Gari mnaiacha milimani, upande wa kijiji cha Bilad Sayt, jua halijakolea. Ukisikia jangwa unadhani mchanga. Pale ni mawe matupu, kijivu na kahawia, na migunga mmoja mmoja. Mbuzi wanapita pasipopitika. Mara chini yenu mnaona mitende na vikonde vya kijani vilivyopangwa ngazi ngazi, vinanyweshwa kwa mfereji wao, falaj. (Mitano ya namna ile imo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2006, na wanastahiki.) Milima yenyewe zamani za kale ilikuwa chini ya bahari. Jiwe lake ni la chokaa, jamaa na haya ya kwetu tunayojengea.

Halafu ardhi inapasuka, na nyinyi mnaingia humo humo kwenye ufa. Kuna mahali ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili.

Kwenye kamba unavishwa mkanda wa kiunoni na mapajani, kofia ngumu na glavu. Kamba hupitishwa kwenye pete ya chuma iliyokazwa jabalini, ncha zote mbili zikaning'inia chini, nawe unaunganishwa nayo kwa kichuma chenye umbo la nane. Kazi yako ni mkono wa kulia tu. Uushikilie chini ya nyonga, usiachie kwa lolote. Ukilegeza unateremka, ukikaza unasimama.

Urefu haukunitisha, sisi tumekulia juu ya mikarafuu. Kilichonitoa jasho ni hatua ya kwanza: ulipe shimo mgongo, ukae hewani, nyayo zimelikanyaga jabali bapa. Mkarafuuni unakumbatia tawi. Pale ukilikumbatia jabali, miguu inateleza na magoti yanagonga mawe. Mwili wote ukakataa. Kijana aliyetuongoza, mamake mtu wa Chake, akanipigia kelele: “Kaa, mzee! Ikalie kamba!” Nikakaa, na wallahi kuanzia hapo nilikuwa nacheka peke yangu mpaka chini.

Mtu wa mwisho akishashuka, wanavuta ncha moja na kamba yote inaanguka. Juu harudi mtu tena. Mnakwenda mbele tu, mnaogelea, mnateremka tena, mpaka mtokee.

Kwa hiyo binamu yako muulize khabari ya mvua kabla ya khabari ya kamba. Nyinyi mnaweza kuwa na jua la utosini, huku imenyesha mbali kule juu. Mawe yale hayanywi maji, yote yanakusanyika na kushuka kwa mkupuo, na ndani ya ufa huna pa kukimbilia. Kiongozi asiyetazama hali ya hewa asubuhi ile ile usifuatane naye, hata akiwa wa damu yako.

Nenda wakati wao wa baridi, baina ya Novemba na Machi. Kiangazi joto linapita nyuzi 40, na kutembea ni kujitesa. Makubadhi yako yaache nyumbani, tafuta viatu vya kufunga vyenye meno. Kuogelea sina wasiwasi nawe, ila maji ya kule yana baridi, usidhani Forodhani.

Glavu zangu nakupelekea kwa boti. Ni za ngozi, zimechakaa kiganja cha kulia tu. Nisalimie shemeji, na binamu yako umjibu leo leo.

Wako,
Seif