Risala ya vijana wachoraji wa Mji Mkongwe kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wetu, wazee wetu wa Kiponda, Malindi na Mkunazini, Assalaam aleikum.

Karibu sana, leo tuna furaha mno. Michoro unayoiona ukutani ni ya nyumba za mji wetu huu huu, ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, na tumeichora kwa penseli na wino tukiwa tumekaa barazani, hatukunakili picha za simu, maana simu unabonyeza tu unaondoka lakini mlango ukiuchora utakaa nao mpaka ujue huu wa Kiarabu juu umenyooka una maandishi, na ule wa Kihindi una upinde. Tulipoanza kupima ndo tukajua kwa nini vyumba vya zamani ni vyembamba na virefu, kumbe dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti inapoishia ndo chumba kinaishia hapo hapo.

Mheshimiwa, mchoro mkubwa kuliko yote ni wa Beit el-Ajaib, jumba alilojenga Sultan Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Disemba 2020 upande wake mmoja uliporomoka na watu wakafariki, Mungu awarehemu. Jengo likishaanguka fundi anataka kujua nguzo ilikaa wapi na nakshi ilikuwaje, sasa kama hakuna aliyechora atajulia wapi?

Na kwa kweli kinachotuuma zaidi ni zile nyumba za vichochoroni ambazo watalii wanazipita tu. Ukuta ni wa mawe na chokaa, unavuja, mtu anapiga plasta ya saruji, saruji inafungia unyevu ndani na ukuta unazidi kuharibika, na mwenye nyumba hatumlaumu maana kutengeneza kwa chokaa ni gharama na mafundi wake wamebaki wachache.

Kwa hiyo tunaomba chumba kikavu cha kutunzia michoro hii, na kopi zake zifike kwa wanaohusika na uhifadhi wa Mji Mkongwe. Tunaomba pia ruhusa ya kuingia majengo ya serikali tupime ngazi na dari, na mafundi chokaa wazee wapewe posho waje watufundishe skuli, hili la mafundi mheshimiwa tunakuomba ulipe kipaumbele.

Sasa tunakukaribisha ukate utepe uangalie kazi, kila mchoraji amesimama pembeni ya mchoro wake, muulize chochote.

Ahsante sana.