Risala ya Kamati ya Malezi ya Vijana wa Kiume kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mtoto wa Afrika, Mwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu,
Mchungaji Kiongozi wa Usharika,
Afisa Ustawi wa Jamii,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Shehe wetu na viongozi wote wa dini,
Wazee wa kanisa, akina baba walezi, wazazi, vijana wetu, mabibi na mabwana,

Bwana Yesu asifiwe! Asalaam alaikum!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuamsha salama na kutufikisha katika siku hii ya 16 Juni. Tunakushukuru na wewe kwa kukubali mwaliko wetu, tena kwa kufika mwenyewe. Mara mbili zilizopita tulipokea wawakilishi. Tunawaheshimu sana, ila mwakilishi hupokea risala kwa niaba, na ahadi pia huitoa kwa niaba. Leo tumefarijika kumwona mwenye sahihi yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Historia yetu ni fupi, na kwa kujali muda wako tutaifupisha zaidi. Akina mama wa usharika huu waliokuwa wakienda alfajiri kununua dagaa Mwaloni Kirumba waliwakuta wavulana wamelala juu ya magunia, wengine na chupa ya gundi bado iko mkononi. Wakaanza kuwapelekea uji. Baada ya uji yakafuata maombi, na baada ya maombi ikaonekana wazi kwamba mtoto aliyekunywa uji na kuombewa bado hana pa kulala. Usharika ukatoa darasa la zamani la Shule ya Jumapili. Humo ndimo tulimo hadi leo.

Kwa sasa tunalea vijana 22 wenye umri wa miaka 12 hadi 17. Wametoka Ukerewe, Sengerema, Simiyu, Geita, na wengine hapa hapa jijini. Wapo waliokimbia kipigo nyumbani, wapo waliofiwa na mama wakakosa wa kuwaita waje kula, na wapo waliofuata dhahabu machimboni wakarudi na kikohozi. Hakuna kijana anayepokelewa bila taarifa kufika Ustawi wa Jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, na hatua ya kwanza huwa ni kutafuta ndugu zake. Kijana akiweza kurudi kwao salama, tunamrudisha.

Kila kijana ana baba mlezi. Huyu ni mwanamume mwenye kazi yake na familia yake: tunao mafundi seremala, dereva wa daladala, mwalimu mstaafu na muuza vipuri. Jumamosi wanakutana, Jumapili wanakaa benchi moja kanisani. Shuleni kukiwa na kikao cha wazazi, baba mlezi ndiye anayekwenda na kusikia yote, mazuri na ya aibu. Vijana watano ni Waislamu. Ijumaa wanakwenda msikitini, na baba walezi wao wawili tumepewa na msikiti huo huo. Kwa hilo tunamshukuru Shehe kwa moyo wote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mafanikio yetu ni mengi. Vijana tisa wako shule za sekondari, sita wako shule ya msingi na saba wanasoma darasa la MEMKWA, yaani elimu ya msingi kwa walioikosa. Kwaya ya vijana ilishika nafasi ya tatu katika mashindano yaliyokuwa na ushindani mkali. Mradi wa kuku umekua kutoka kuku 12 hadi 31, ongezeko la zaidi ya asilimia 150 ambalo miradi mingi mikubwa kuliko wetu haijalifikia. Kijana wetu mmoja wa zamani amepata leseni ya udereva na sasa anachangia moja kwa moja katika uchumi wa jiji hili.

Mafanikio mengine yamo katika taarifa uliyokabidhiwa. Tuingie katika jambo lililotufanya tukualike.

Ulipopita getini, upande wako wa kulia uliona boma lenye kuta bila paa. Hilo ndilo bweni letu: vyumba vinne vya vijana na chumba kimoja cha patroni, urefu mita 20, upana mita 8. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2021 na mgeni rasmi wa mwaka huo. Jina lake limeandikwa kwa herufi za rangi ya dhahabu na bado linasomeka vizuri, kwa kuwa vijana hulifuta vumbi kila Jumamosi. Siku hiyo iliahidiwa mifuko 200 ya saruji. Tulipokea mifuko 30 na picha ya pamoja, tunashukuru kwa vyote viwili. Mgeni aliyefuata aliahidi mabati kabla ya mvua za vuli. Hatukumwuliza ni vuli ya mwaka gani, na hapo tulikosea sisi wenyeji. Wa tatu alisema suala letu litaingizwa kwenye bajeti. Tumefuatilia ofisini, tumeandika barua, tumepewa nakala za barua zetu wenyewe zikiwa zimegongwa mhuri wa kupokelewa.

Kuta unazoziona zimesimama kwa sadaka za Jumapili, harambee mbili na mikono ya mafundi wa usharika ambao hawakudai hata nauli. Hivyo tusieleweke kwamba tumekaa tukisubiri. Tumefika mwisho wa uwezo wetu, na mwisho huo umeangukia kwenye lenta.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tunaomba uelewe kinachotokea usiku. Darasa la zamani lina vyumba viwili. Vitanda vya dabo deka vimebanana kiasi kwamba wa juu akitaka kushuka lazima amkanyage wa jirani. Mtoto wa miaka 12 analala chumba kimoja na kijana wa miaka 17 aliyekaa mtaani miaka minne. Patroni halali, analinda. Afisa Ustawi wa Jamii, ambaye yupo hapa na atatusahihisha tukizidisha, alitukagua na kutuambia tusiongeze hata kijana mmoja mpaka bweni likamilike. Alisema kweli, na tumetii.

Lakini wavulana hawasomi taarifa za ukaguzi. Wanaendelea kuja, wengine wakiletwa na wenzao waliosikia kwamba hapa kuna uji. Mlinzi anawaambia nafasi hakuna. Wanaondoka hadi kona, anapogeuka wanaruka ukuta na kulala ndani ya boma. Wakati wa kiangazi wanalala humo chini ya nyota; mvua ikinyesha wanahamia barazani kanisani. Asubuhi tunawapa uji, tunaandika majina yao, tunampigia afisa, kisha wanarudi Mwaloni. Wengine majina yao tumeyaandika zaidi ya mara moja. Wawili hatuwaoni tena na hakuna anayejua walipo.

Wote tulifurahi Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa. Kilomita 3 juu ya maji ya Ziwa Victoria, kazi iliyoanza mwaka 2020. Tumelivuka, tumepiga picha, tumejivunia nchi yetu. Baada ya kurudi tuliliangalia boma letu la mita 20, ambalo liko nchi kavu.

Kinachohitajika ni hiki: kumalizia lenta, kenchi na mbao za kupaulia, mabati 110 ya geji 28, milango mitano na grili za madirisha. Makisio ya fundi ni shilingi milioni 16 na laki 4. Lipu na sakafu tutafanya wenyewe, mchanga upo na vijana wana nguvu. Hatuombi uzio, hatuombi gari, hatuombi kompyuta. Mwaka jana tuliomba vitu tisa tukapata mpira.

Ombi dogo la pili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo vijana wetu wakitimiza umri huo wanatoka. Waliotoka wameunda kikundi cha useremala na kuomba mkopo wa halmashauri, ule unaotoka katika asilimia 4 ya mapato yake ya ndani inayotengwa kwa vijana. Wamekamilisha fomu zote. Tunaomba neno lako liwasaidie kujibiwa, hata kama jibu ni hapana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kamati imeandaa fomu ya ahadi, ipo mezani mbele yako pamoja na kalamu. Mwaka huu tumeongeza mstari wa tarehe ya utekelezaji na mstari wa namba ya simu ya msaidizi wako atakayepokea simu zetu. Nakala moja utaondoka nayo, nyingine tutaibandika kwenye ubao wa matangazo wa kanisa, karibu na ratiba ya ibada. Baada ya chakula tutakuomba utembelee boma. Viatu vya kubadilisha vimeandaliwa, maana ndani kuna tope.

Naomba kuwasilisha.

Risala hii imeandaliwa na Kamati ya Malezi na kusomwa mbele yako na Katibu wa Kamati.